Kinachomfanya Mbwa wa Nyumbani Kuwa Mkali

Shauri la mbwa aliyemuuma mtoto wa jirani aghalabu huanza kama jambo dogo. Mwenye mbwa hushikilia kwamba mnyama wake amechokozwa. Mzazi wa mtoto hutaka mbwa auawe siku hiyo hiyo. Katika mji kama Busia, ambao nusu yake iko Uganda na nusu nyingine Kenya, mbwa huvuka mpaka bila kuulizwa hati yoyote, na ugomvi wa nyua mbili huweza kuwa ugomvi wa watu wa nchi mbili. Ndiyo maana tumeona vema kuwaeleza wananchi wenzetu kinachomfanya mbwa wa nyumbani kuuma, kwa kuwa wengi wetu hukifasiri kinyume.

Sababu iliyo kubwa ni hofu. Mbwa anayeogopa hutamani kwanza kukimbia. Akizuiwa kukimbia, husimama akakauka. Na kile anachokiogopa kikizidi kumkaribia, huuma. Sasa mtazame mbwa aliyefungwa mnyororo mfupi chini ya mwembe tangu asubuhi hadi usiku. Wageni wanapita, watoto wanamrushia mawe, mbuzi wanakula karibu na sahani yake, naye hana pa kwenda. Njia ya kwanza amenyimwa na mnyororo. Imebaki ile ya mwisho. Wapo wanaoamini kwamba kumfungia gizani na kumlisha pilipili humfanya mlinzi hodari. La hasha. Humfanya mnyama asiyeweza kumbagua mwizi na mjukuu wa mwenye nyumba. Kazi ya mbwa wa ulinzi ni kubweka ili wenyeji waamke, na kazi hiyo huifanya vizuri zaidi yule aliyezoea watu, kwa kuwa anamjua mgeni ni nani.

Mazoea hayo hujengwa mapema mno. Tangu wiki ya tatu ya maisha yake hadi kama ya kumi na nne, mtoto wa mbwa hujifunza ni vitu gani katika dunia hii havina madhara: sauti za watoto, pikipiki, mzee mwenye bakora, mwanamke aliyebeba mzigo kichwani. Asiyeonyeshwa hayo kwa upole katika wiki hizo huweza kuyaogopa maisha yake yote. Vilevile, anayetengwa na mama yake akiwa bado mchanga sana hukosa kufundishwa na ndugu zake kwamba meno yanaumiza.

Hofu siyo sababu pekee. Mbwa jike aliyezaa hulinda watoto wake hata dhidi ya anayemlisha. Mwingine hulinda chakula au mfupa. Mwingine ana maumivu: jeraha lililofichwa na manyoya, kupe waliojaa sikioni, viungo vilivyochoka kwa uzee. Mbwa mpole anayebadilika ghafula apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya kupewa jina la ukorofi.

Wapo pia wanaokimbiza vitu vinavyokwenda mbio, na hapa waendesha boda boda ndio wahanga wakuu. (Jina lenyewe la boda boda lilizaliwa hapa hapa mpakani, kwa baiskeli zilizowavusha abiria kutoka upande mmoja hadi mwingine.) Mbwa hutoka mbio akibweka, mwendeshaji naye huenda zake, kama alivyokusudia tangu mwanzo. Lakini mbwa hayajui hayo. Hudhani yeye ndiye aliyemfukuza. Ushindi huo wa kila siku humwongezea ujasiri, hata siku moja akakamata mguu.

Kabla ya kuuma, mbwa husema. Mwili hukakamaa, masikio hulala nyuma, mdomo huinuka meno yakaonekana, koo hunguruma. Mkia unaotikisika nao siyo furaha daima. Ukiwa umesimama wima na unatikisika kwa haraka na kwa ukavu, ni onyo. Mwenye kumchapa mbwa kwa sababu amenguruma hamwondolei hasira. Humwondolea onyo tu, na mara nyingine mbwa huyo atauma kimya kimya. Watoto wafundishwe kusimama tuli mikono ikiwa chini, wasimkazie macho, wala wasikimbie. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15.

Kichaa cha mbwa ndicho kinachotufanya tusichukulie jino lolote kuwa dogo. Mbwa mkali huweza kuwa mnyonge, na mpole akawa mkali bila sababu. Sauti hukauka, taya hulegea, mate hutiririka kwa kuwa hawezi kumeza. Virusi hukaa ndani ya mate hayo. Kwa mwanadamu, dalili huweza kuchelewa wiki au miezi, na zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Chanjo inayotolewa mapema baada ya kuumwa huokoa.

Kwa hiyo aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo. Asipake mafuta ya taa, majivu wala pilipili. Kama ameumiwa ng'ambo ya mpaka, asisubiri kurudi kwao wala kumalizika kwa mabishano ya nani atalipa.

Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Akiwezekana kufungiwa salama, daktari wa mifugo humchunguza kwa siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya muda huo, inajulikana kwamba siku alipouma hakuwa na kichaa katika mate yake. Umati ukimponda kichwa, umeharibu ubongo, ambao ndio maabara huupima. Mbwa aliyekufa asishikwe kwa mikono mitupu.

Anayekuja kutoa taarifa kituoni atueleze mahali na saa, rangi ya mbwa, mmiliki akijulikana, na kama mbwa alikuwa amefungwa au akizurura. Mwenye mbwa aje na kadi ya chanjo. Ikiwa mmiliki anaishi upande wa pili, mwenyekiti wa kijiji au mzee wa mtaa atajwe kwa jina, ili wenzetu wa huko wamfikie mbwa kabla hajapotea na siku zile 10 hazijapita.