Moto wa Nyumbani na Namna ya Kuulisha

Ndugu msomaji, ukipita Mboko saa ya jioni utaona moshi ukipenya katika mabati na nyasi za mapaa, toka ufuko wa ziwa mpaka chini ya vilima. Sisi sote twaupenda moshi ule, maana watuambia kwamba bugali iko karibu. Lakini kabla haujafika juu ya paa, moshi huo umekwisha kupita machoni pa mama na puani mwa mtoto aliyefungwa mgongoni mwake. Kwa hiyo leo twataka kusema habari ya jiko: chakula chake ni nini, nalo hulishwaje.

Maana jiko nalo hula. Katika nchi yetu hula vitu vingi: kuni za vilimani, makala yaletwayo kwa magunia, magunzi yabakiayo baada ya kupukuchua mahindi, maganda magumu ya ngazi wakiisha watu kukamua mawese, na vumbi la mbao toka kwa seremala. Mama huwasha kile alicho nacho siku ile. Hilo si vibaya. Lililo baya ni kudhani kwamba vitu hivi vyote huwaka kwa desturi moja.

Je, moshi ni nini? Moshi ni kuni ambazo hazikuungua. Kuni zikipata joto hutoa mvuke, na mvuke huo ndio uwakao na kufanya ulimi wa moto. Ukikosa joto la kutosha, au ukikosa hewa, hauwaki. Huruka kama moshi, na masizi yake hushika chungu, ukuta na mapafu ya watu. Basi mama aketiye katika moshi mwingi anapoteza kuni zake pamoja na afya yake. Ukitaka kujua kama jiko lako lala vema, tazama chini ya chungu. Masizi mengi, meusi na laini, ni ushuhuda kwamba kuni zimepita bila kufanya kazi.

Sababu ya kwanza ya moshi ni maji. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiuweka motoni, moto hufanya kwanza kazi ya kukausha maji yale, ndipo upate kupika. Pasua kuni zako nyembamba, unene wa kifundo cha mkono au chini yake, uzipange juu ya mawe au vijiti ili zisiguse ardhi, chini ya ukingo wa paa, mahali penye upepo. Ziache miezi, si siku. Gonga vipande viwili pamoja: vikavu hulia sauti kali, vibichi hulia kama mtu agongaye mgomba. Mwenye kungoja mvua inyeshe ndipo atafute kuni atapika na machozi msimu mzima.

Sababu ya pili ni hewa. Watu wengi hujaza mdomo wa jiko kwa kuni mpaka moto ushindwe kupumua. Afadhali vijiti vitatu vyembamba vikisukumwa kidogo kidogo kuliko gogo moja kubwa. Katika jiko la udongo, weka chuma au kigae ndani ya mdomo ili kuni zilale juu yake na hewa ipite chini. Kati ya chungu na ukuta wa jiko acha nafasi ya upana wa kidole tu, ili joto lipite likikumbatia chungu pande zote. Moto wa mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya joto lake; kadiri ya kumi, pengine sehemu moja na nusu tu ndiyo iingiayo katika chungu. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na nyasi zilizokatwa fupi wafaa sana kwa kazi hii, lakini uache ukauke wiki mbili au tatu kabla ya kuwasha, la sivyo utapasuka.

Sasa magunzi. Magunzi makavu huwaka upesi, tena kwa ukali, kisha huisha. Yafaa kuwashia moto na kuchemsha maji. Hayafai kwa maharagi. Yavunje vipande, usiyatupe mengi mara moja, maana yatatoa moshi mzito kabla ya kushika. Maganda ya ngazi ni kinyume: hukawia kushika, lakini yakiisha kushika hutoa joto kali la muda mrefu. Yaweke juu ya kaa zilizokwisha kuwa nyekundu, machache machache. Vumbi la mbao likimwagwa tu juu ya moto huuzima. Lapasa kushindiliwa ndani ya kopo lenye tundu katikati, ndipo liungue taratibu kutoka ndani. Na mifuko ya plastiki? Wengi huitumia kuwashia makala. Moshi wake una sumu, tena huangukia katika chakula. Tumia majani makavu au vipande vya gunzi.

Pengine umesikia habari za ndugu zetu wa Fizi walioko Marekani. Wengi walivuka ziwa wakati wa vita ya mwaka 1996, wakakaa kambini Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma, na miaka mingi baadaye wengine wakapelekwa Marekani, katika majimbo yenye baridi ya kuua. Huko ziko nyumba zenye jiko la kupasha moto chumba, ambalo halipiki kitu. Jiko hilo lina sanduku juu yake. Ndani humwagwa tembe za vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa nguvu nyingi, unene wake kama kalamu, au punje za mahindi yenyewe. Parafujo ndefu huzunguka kwa umeme na kuangusha punje chache chache katika kikombe cha moto, na pangaboi hupuliza hewa. Moshi hutoka nje kwa bomba. Msomaji wa Mboko atashangaa: mahindi yachomwe kama kuni! Hata huko wakulima wa Iowa na Nebraska waliyachoma zaidi katika miaka ya 1930, wakati bei ilipoanguka hata mahindi yakawa rahisi kuliko makaa ya mawe. Kwetu mahindi ni chakula cha watoto, na yabaki hivyo. Tuchome gunzi, tule punje.

Lakini kuna jambo la kujifunza katika jiko lile. Mahindi yake lazima yawe makavu sana, maji yasizidi sehemu 15 katika 100. Jivu la mahindi huyeyuka na kufanya kigaga kigumu kama kioo, ambacho mwenye nyumba hukitoa kila siku, la sivyo hewa huzibwa na moto huanza kutoa moshi. Mwenye jiko lenye mashine hana ruhusa ya kulisahau. Hali kadhalika mama mwenye mafiga: jivu likijaa, hewa haipiti.

Tembe hizo za mbao zimefika karibu nasi pia. Mjini Gisenyi, mpakani mwa Goma, kampuni iliyoitwa Inyenyeri iliuza tembe na kuwapa wateja wake jiko dogo lenye pangaboi, ambalo huwaka karibu bila moshi. Watu walilisifu. Lakini kampuni ilifungwa mwaka 2020, na jiko la namna ile likikosa tembe zake ni chuma tu. Kwa maoni yangu, kwa nyumba ya Mboko jiko linaloweza kula kuni na magunzi na maganda ni afadhali kuliko jiko zuri lenye chakula kimoja kitokacho mbali.

Tena jiko peke yake halimponyi mtoto. Katika milima ya Guatemala, kati ya miaka 2002 na 2004, nyumba zilizopewa jiko lenye bomba la moshi zilipata sumu ya moshi karibu nusu tu ya ile ya nyumba zenye moto wa wazi, na homa kali ya mapafu ilipungua kwa watoto wao. Lakini katika Malawi walijaribu jiko lenye pangaboi katika nyumba za watoto zaidi ya 10,000, na habari iliyotolewa mwaka 2017 ilisema kwamba homa ya mapafu haikupungua. Kwa nini? Moshi wa jirani, takataka zichomwazo uani, tumbako ya baba, majiko yaliyoharibika: mtoto huvuta yote. Kwa hiyo, baba, usimwachie mama peke yake kazi hii. Madirisha na matundu chini ya paa ni kazi yako, na sigara yako iende nje.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu karibu milioni 3.2, na katika hao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiofikia miaka mitano. Mtoto akikohoa, mfunue kifua, umhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Asiyefikia miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi miwili hata mwaka mmoja, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hata mitano, 40 au zaidi. Ukiona pia nyama ya chini ya mbavu ikibonyea ndani kila apumuapo, au hawezi kunyonya, usingoje asubuhi, wala usimpitishe kwanza kwa mkata kimio. Mlete hospitali.

Sasa tufike kwa makala, maana hapa ndipo watu hudanganyika zaidi. Makala hayana moshi. Machozi hayatoki, kikohozi hakuna, basi mtu hudhani ni moto safi. Kumbe makala yanayowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Waganga huiita monoksidi ya kaboni. Sumu hii hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa njema tuivutayo, hata damu ikakosa nafasi ya kuchukua uhai mwilini. Mtu huumwa kichwa, huona kichefuchefu, magoti hulegea, akili huchanganyika. Akiwa amelala hasikii lolote, hulala zaidi.

Huku ufukoni twapata joto la ziwa. Lakini ndugu wa juu, wa Itombwe na Minembwe, penye baridi usiku, hulala na moto ndani, na hata kwetu, mvua ikinyesha siku mbili, mama mwenye mtoto mchanga huingiza mbabula chumbani na kufunga mlango. Usifanye hivyo, hata kama makala yamekuwa mekundu, hata kama yamefunikwa jivu. Kaa zinazofifia bado hutoa sumu. Mpashe mtoto joto kwa kumlaza kifuani pako, ngozi kwa ngozi, na nguo juu yenu wawili. Mbabula ikae nje, au jikoni penye matundu mawili yanayotazamana.

Hili si jambo la maskini wa Afrika tu. Katika mji wa Seattle, Marekani, dhoruba ilikata umeme mwezi wa Januari 1993, na tena mwezi wa Desemba 2006. Wageni wengi, waliozoea makala katika nchi zao, waliyaingiza ndani ya nyumba zilizozibwa barabara kwa ajili ya baridi. Watu mamia waliugua, wengine wakafa, hata gazeti la mji likachapa onyo katika ukurasa wa kwanza kwa lugha kadhaa. Ukiwa na ndugu huko, mwandikie jambo hili.

Ukimkuta mtu amelala karibu na mbabula na haamki, fungua mlango, vuta pumzi nje kwanza, kisha umtoe haraka. Usikae ndani kumwuliza habari. Mlaze ubavu mahali penye upepo. Kama hapumui, mpulizie pumzi yako kinywani. Usimnyweshe maziwa wala mawese, maana asiyejitambua atasongwa. Mlete hospitali apewe oksijeni, hata kama ameamka na kusema amepona. Na mwenye mimba aje upesi zaidi, maana mtoto wa tumboni huumia kuliko mama.

Neno moja juu ya kuungua. Usimimine petroli, wala zaidi esansi, juu ya kaa zilizo hai ili kuharakisha moto. Ulimi wa moto hurudi katika chupa uliyoishika. Geuza mikono ya sufuria upande wa ukutani. Mtu akiungua, mwagie maji safi ya baridi dakika 20, toa pete na bangili kabla mkono haujavimba, funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai, udongo na mawese visiguse kidonda.

Na jivu. Jivu la jioni huficha kaa hata kesho yake. Usilitupe kwenye nyasi nyuma ya nyumba, wala katika kikapu. Liweke katika kopo la bati au shimo, limwagie maji, ndipo kesho kutwa ulipeleke shambani au kulinyunyiza katika choo.