Chuma cha Angani na Ushahidi wa Kaburi

Mwaka 2012 sanamu moja ndogo ya chuma iligeuka habari ya dunia nzima. Kimo chake ni sentimita 24, uzito kilo 10.6. Inaonyesha mtu aliyeketi, na mwilini mwake imechongwa swastika, alama ambayo Wabudha waliitumia kama ishara ya heri kwa karne nyingi kabla Wanazi hawajaichukua. Elmar Buchner wa Chuo Kikuu cha Stuttgart, Ujerumani, na wenzake waliipima wakakuta imechongwa kutokana na kimondo cha Chinga, ambacho vipande vyake viligunduliwa na wachimba dhahabu mwaka 1913 huko Tuva, kusini mwa Siberia. Ikaelezwa kwamba huenda ni mungu wa Kibudha wa karne ya 11, aliyeletwa Ujerumani na msafara wa Ernst Schäfer uliokwenda Tibet mwaka 1938.

Chuma chenyewe kilikuwa na ushahidi mzuri. Mavazi ndiyo yaliyozua maswali. Achim Bayer, mtaalamu wa dini ya Kibudha, aliona suruali pasipostahili suruali, viatu vya mtindo wa Kizungu na ndevu nyingi zisizozoeleka kwa miungu ya Tibet. Akasema sanamu hiyo yaelekea ilichongwa Ulaya kati ya 1910 na 1970. Kimondo kilianguka maelfu ya miaka iliyopita, lakini patasi ingeweza kukigusa wakati wowote baada ya hapo. Kipimo cha nikeli, kinachotambulisha chuma cha kimondo, hakina la kusema kuhusu mchongaji, wala kuhusu aliyeomba dua mbele ya kazi yake.

Kwa imani yangu, anayetaka kujua watu wa kale walikiheshimuje chuma hiki aanzie Misri, kwenye makaburi yaliyofukuliwa na kuandikwa kumbukumbu. Mwaka 1911 huko Gerzeh, kusini mwa Cairo, zilipatikana shanga tisa za chuma katika makaburi ya mwaka 3200 KK hivi, miaka elfu mbili au zaidi kabla Wamisri hawajajua kuyeyusha chuma. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulithibitisha kuwa ni chuma cha kimondo. Mhunzi alikigonga hadi kikawa bamba jembamba, kisha akakiviringisha kuwa mrija. Aliyewahi kusimama mbele ya Kimondo cha Mbozi mkoani Songwe, donge la chuma lenye zaidi ya tani 12, ataelewa kazi hiyo ilidai subira kiasi gani. Na shanga hizo zilitungwa pamoja na dhahabu na akiki. Kwa mpangilio huo tu, kaburi limetuambia thamani yake.

Miaka zaidi ya 1,800 baadaye akazikwa mfalme Tutankhamun. Howard Carter alipofungua sanda za mfalme huyo mwaka 1925, alikuta kwenye paja la kulia kisu chenye mpini wa dhahabu na ubapa wa chuma usio na kutu ya maana. Mwaka 2016 Daniela Comelli na wenzake walitangaza kwamba chuma hicho kina nikeli karibu asilimia 11 pamoja na kobalti, uwiano wa kimondo. Kaburini mlikuwemo pia patasi ndogo 16 zenye makali ya chuma, ambazo wataalamu wanazihusisha na ibada ya Kufungua Kinywa, iliyomrudishia marehemu uwezo wa kula, kunena na kupumua katika maisha ya pili. Kwangu mimi, patasi hizo dhaifu, zisizoweza kuchonga hata ubao, zinagusa moyo kuliko kisu chenye mpini wa dhahabu.

Kisu nacho kina asili yake. Watafiti wa Japani walieleza mwaka 2022 kwamba kilifuliwa kwa joto lisilofika nyuzi 950, na kwamba mapambo ya mpini yaelekea yaligandishwa kwa chokaa, ambayo Wamisri wa enzi hiyo hawakuizoea. Tena katika vibao vya udongo vyenye maandishi vilivyopatikana Amarna, Misri, mfalme Tushratta wa Mitanni anaorodhesha zawadi alizompelekea Amenhotep wa Tatu wakati wa kumwoza binti yake, na miongoni mwake kimo kisu cha chuma chenye mpini wa dhahabu. Wengi wanamhesabu Tutankhamun kuwa mjukuu wa Amenhotep huyo, hivyo huenda alizikwa na urithi wa babu yake.