Pombe Ameacha, Sigara Bado

Bill Wilson alikunywa pombe yake ya mwisho Desemba 1934. Mwaka uliofuata, mjini Akron, Marekani, yeye na daktari Bob Smith wakaanzisha Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha. Katika hatua zake 12, mtu hutakiwa ajikague bila woga, kisha akiri makosa yake mbele ya mwenzake. Wilson hakurudia pombe. Sigara ndiyo iliyomshinda kwa miaka mingi, na Januari 1971 akafariki akiwa anaugua emfisema, ugonjwa wa mapafu.

Wengi wamepita njia hiyo. Huko Minnesota, watafiti wa Mayo Clinic walifuatilia watu 845 waliolazwa kati ya 1972 na 1983 kutibiwa uraibu wa pombe na dawa nyingine. Mwaka 1996 walitangaza kuwa zaidi ya 200 walikuwa wameshafariki, na takribani nusu ya vifo hivyo vilitokana na maradhi ya tumbaku. Pombe yenyewe ilihusika na kama thuluthi moja tu.

Lakini kabla ya kuua, sigara huvuruga jambo jingine: hesabu ya hisia. Nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde 20 hivi, ikaamsha dopamini, kemikali ya raha, na mvutaji akajiona ametulia. Baada ya saa mbili, nusu yake imeshatoka kwenye damu. Hapo huja hamaki, wasiwasi na kukosa utulivu. Hiyo ni arosto, nyepesi kuliko ya heroini, ila hurudi mara nyingi kwa siku.

Sasa mtu huyo yuko kwenye nyumba ya upataji nafuu, kikaoni, na anaulizwa anajisikiaje. Hasira aliyonayo ni ya mke aliyeondoka, au ya sigara ya saa nne iliyochelewa? Hajui. Anatoka nje, anavuta, anarudi na kusema, "Niko poa." Wala hadanganyi, kwa dakika hiyo yuko poa kweli. Ila huzuni iliyotaka kusemwa imeshapozwa uani.

Wahudumu wengi huona ni ukatili kumnyang'anya mraibu starehe iliyobaki. Huruma hiyo inaeleweka, lakini utafiti hauiungi mkono. Mwaka 2004 mtafiti Judith Prochaska na wenzake walichambua majaribio 19: waliosaidiwa kuacha sigara wakiwa kwenye matibabu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 25, wa kukaa muda mrefu bila pombe wala dawa za kulevya. Uchambuzi mwingine, wa 2014, ukaonyesha kuwa wasiwasi, sonona na msongo hupungua kwa walioacha kuvuta kuliko kwa walioendelea.

Wiki ya kwanza ndiyo ngumu; vibandiko na jojo zenye nikotini husaidia, na makali hulegea kadiri wiki zinavyopita. Kwa asiyekuwa tayari kuacha, mshauri anaweza kuanza kwa kumuuliza amevuta saa ngapi mara ya mwisho, ndipo aulize habari za moyo wake.