Vielekezi na Marejeo katika Lugha za Programu

Maana
Kila kigeu hukaa mahali fulani katika kumbukumbu ya kompyuta, na mahali hapo pana anwani. Kielekezi ni kigeu kinachotunza anwani ya kitu kingine. Rejeo ni njia ya kukifikia kitu kilichopo bila programu kushughulika na anwani yake.

Mfano
Chukulia soko la Dumila, kando ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma. Bei ya tenga la nyanya imeandikwa ubaoni. Mnunuzi wa kwanza ananakili bei hiyo kwenye karatasi. Wa pili anaandika mahali ubao ulipo. Bei ikibadilishwa ubaoni, wa kwanza atabaki na bei ya zamani na hesabu yake itaharibika. Wa pili akiufuata ubao ataikuta bei mpya. Karatasi ya kwanza ni nakala. Ya pili ni kielekezi.

Lugha ya C

`int bei = 20000;`
`int *p = &bei;`
`*p = 25000;`

Alama `&` hutoa anwani ya `bei`. Katika mstari wa pili, `*` hutangaza kwamba `p` ni kielekezi. Katika mstari wa tatu, `*` hufuata anwani hadi kwenye thamani. Sasa `bei` ni 25000, ingawa hatukuigusa kwa jina lake.

Lugha nyingine
- C++ ina vielekezi na pia marejeo. Ukiandika `int &r = bei;` basi `r` ni jina la pili la `bei`, na haliwezi kuhamishiwa kigeu kingine.
- Java haimpi mwandishi wa programu anwani. Namba ya aina ya `int` hunakiliwa. Kigeu cha kitu hutunza rejeo.
- Python: majina yote hurejea vitu. Ukiandika `b = a` na `a` ni orodha, orodha hainakiliwi. Ukitaka nakala, andika `b = a.copy()`.

Tahadhari
Kielekezi kisichoelekeza popote huitwa kitupu. Ukikifuata katika C, kwa kawaida programu huanguka. Tony Hoare, aliyebuni rejeo tupu mwaka 1965, baadaye aliliita kosa lake la dola bilioni moja. Hivyo, hakikisha kielekezi si `NULL` kabla ya kukitumia.

Jipime
1. Katika C: `int x = 4; int y = x; y = 9;` Thamani ya `x` ni ipi?
2. Katika Python: `a = [3, 5]`, kisha `b = a`, kisha `b.append(8)`. Orodha `a` ina vipengele vingapi?

Majibu
1. Ni 4, kwa sababu `y` ni nakala.
2. Ni 3, kwa sababu `a` na `b` hurejea orodha moja.

Kabla ya kujibu swali la aina hii, jiulize: hapa kimenakiliwa kitu chenyewe, au njia ya kukifikia?