Kabla hujatoa hela ya habu ya USB

Kijana wako hapo Lushoto anataka kuchimba Bitcoin kwa vifaa vidogo vya USB, naye anaomba hela ya habu yenye matundu mengi? Usihesabu matundu, soma adapta. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa ampea 0.5, ilhali kifaa kimoja chaweza kutaka 2. Vitano ni ampea 10 kwa volti 5, yaani wati 50. Adapta ya habu izidi hapo. Ikizidiwa, hata baridi ya Usambara haitaipoza.

Wati 50 usiku na mchana ni uniti 36 kwa mwezi, karibu nusu ya uniti 75 za mteja mdogo wa TANESCO. Mapato hayatafidia LUKU. Akitaka kujifunza, kifaa kimoja kinatosha. Hela ya ada isiguswe.