Halisi na Halali: Lebo za Uhalisi, Leseni za Programu na Mtumiaji wa Tarakilishi Taita Taveta

Utangulizi

Mnunuzi wa vito mjini Voi hanunui kwa macho matupu. Kito cha kijani kiitwacho tsavorite, ambacho kilipewa jina la Tsavo mwaka 1974, hutazamwa kwa lenzi na kumulikwa kwa kurunzi, maana kipande cha chupa nacho hung'aa. Katika mji uo huo huuzwa bidhaa nyingine isiyoweza kumulikwa: programu za tarakilishi. Anayenunua tarakilishi ya mtumba, au anayempelekea fundi yake iwekewe programu upya, hana lenzi. Alama anayoweza kuiona ni karatasi ndogo yenye kumetameta iliyobandikwa kwenye mwili wa mashine, ndiyo lebo ya uhalisi.

Makala haya yanafafanua kile ambacho lebo hiyo inathibitisha na kile isichothibitisha, uhusiano wake na leseni, na sababu za suala hili kumhusu msomi wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba halisi na halali ni maneno mawili yenye maana mbili, na kwamba mtumiaji anayeyachanganya ndiye anayepata hasara.

Programu mbele ya sheria

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, programu ya tarakilishi imeorodheshwa katika kundi moja na riwaya, hadithi, mashairi, tamthilia, barua, hotuba na kamusi. Msimamo huu si wa Kenya peke yake. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994 unazitaka nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani kuzilinda programu kama zinavyolindwa kazi za maandishi chini ya Mkataba wa Bern wa mwaka 1886. Wapo watakaopenda kuliita kundi hilo 'kazi za fasihi', lakini kwa kuwa linajumuisha pia ripoti na majedwali, istilahi 'kazi za maandishi' inaelekea kufaa zaidi.

Matokeo ya uainishaji huu ni mazito. Haki anazopewa mtunzi wa riwaya ya Kiswahili ndizo anazopewa mtunzi wa programu: haki ya kudhibiti utoaji wa nakala, usambazaji, urekebishaji na hata tafsiri. Kwa hiyo, mwanafunzi anayelalamika kwamba waandishi wa Kiswahili wanadhulumiwa kwa riwaya nzima kupigwa fotokopi na kuuzwa, kisha akaandika tasnifu yake kwa programu iliyonakiliwa, anatetea kwa mkono mmoja sheria anayoivunja kwa mkono wa pili.

Tabia hii imeenea. Utafiti wa BSA, muungano wa kampuni za programu, uliochapishwa mwaka 2018, ulikadiria kuwa asilimia 74 ya programu zilizowekwa katika tarakilishi za Kenya mwaka 2017 hazikuwa na leseni. Inafaa kukumbuka kwamba waliokadiria ni wenye mali wenyewe. Hata hivyo, hata kama kiwango halisi kingekuwa nusu ya hicho, tatizo lingebaki kuwa kubwa.

Lebo inashuhudia nini?

Lebo ya uhalisi iliyozoeleka zaidi ni ile ya Microsoft. Katika enzi ya Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, hadi Windows 7, lebo ilibandikwa kwenye mashine ikiwa na jina la programu na ufunguo wa herufi na tarakimu 25, zilizopangwa katika mafungu matano. Karatasi yake ilitengenezwa kwa namna ambayo ni vigumu kuiga. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, mashine nyingi mpya zilipata lebo isiyo na ufunguo, kwa kuwa ufunguo wenyewe ulihifadhiwa ndani ya saketi za tarakilishi.

Lebo hii isichanganywe na ile inayotolewa na dola. Sheria ya 2001 iliweka utaratibu wa alama za uhalisi, chini ya Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kwa ajili ya rekodi za sauti na za picha na sauti, kama vile kanda na santuri za muziki na filamu. Lebo ya tarakilishi hutokana na mwenye programu mwenyewe.

Lebo, basi, ni shahidi. Inashuhudia kwamba karatasi yenyewe haikughushiwa, na kwamba mashine ilipotoka kiwandani ilikuwa na programu fulani. Haisemi lolote kuhusu programu iliyomo leo. Tarakilishi inaweza kuwa na lebo ya Windows 7 ilhali fundi ameiwekea toleo jipya kwa ufunguo ulionakiliwa. Aidha, lebo inaweza kubanduliwa kutoka mashine iliyokufa na kubandikwa kwenye nyingine. Katika hali zote mbili lebo ni halisi, lakini matumizi ya programu si halali.

Leseni inatoa nini?

Uhalali hutokana na leseni, yaani ruhusa ya mwenye hakimiliki pamoja na masharti yake. Anayelipia programu kwa kawaida hainunui programu yenyewe. Hununua ruhusa ya kuitumia. Leseni inayouzwa pamoja na tarakilishi mpya kwa kawaida hufungwa kwenye mashine hiyo, na mashine ikifa, nayo hufa. Leseni inayonunuliwa peke yake dukani aghalabu huweza kuhamishwa, mradi itumike katika mashine moja kwa wakati mmoja. Taasisi nazo huweza kununua leseni ya pamoja kwa mashine nyingi; ufunguo wa leseni hiyo ukitolewa nje ya taasisi, ruhusa haiufuati.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya programu methali hii imepinduka, kwa sababu programu bandia hufanana kabisa na ile ya haki, na bei yake ndiyo inayoitembeza. Hasara hujitokeza baadaye: vifaa vinavyotumiwa kuvunja kufuli la programu mara nyingi hubeba virusi, na katika duka la huduma za intaneti ambako wananchi huwasilisha ripoti za kodi na kuomba mikopo ya masomo, virusi hivyo huweza kuiba nywila za wateja wasio na habari.

Mfano wa tarakilishi za shule

Ugumu wa suala hili huonekana zaidi shuleni. Tangu mwaka 2002, shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likisambaza katika shule za nchi hii tarakilishi zilizofanyiwa ukarabati. Microsoft nayo iliweka leseni maalumu kwa wakarabati walioidhinishwa, hivyo mashine ya aina hiyo huweza kuwa na lebo mbili: ya kwanza ya kiwandani na ya pili ya mkarabati.

Tuseme shule moja ya upili katika milima ya Taita imepokea mashine ishirini za msaada ambazo hazikupitia utaratibu huo. Lebo zake zimechakaa na tarakimu hazisomeki. Hata zikisomeka, huduma za usalama kwa Windows XP zilikoma tarehe 8 Aprili 2014, kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haikubali rasmi mashine nyingi za zamani. Mwalimu anabaki na njia tatu: kutumia programu halali isiyo salama, kutumia programu haramu, au kuhamia programu huria kama vile Linux. Njia ya tatu haina gharama ya leseni, lakini inadai mafunzo, na walimu wengi hawajayapata.

Leseni na Kiswahili

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kiingereza hutumia neno moja kwa dhana mbili tofauti, ya kutolipa na ya kuwa huru. Kiswahili kinatofautisha bure na huria, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha leseni. Programu ya bure inaweza kumfunga mtumiaji asiibadilishe. Programu huria humpa ruhusa ya kuichunguza, kuirekebisha, kuisambaza na kuitafsiri.

Historia ya karibuni inaonyesha uzito wa ruhusa hiyo. Mnamo mwaka 2004, mradi wa Kilinux ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi kwa Kiswahili. Waliofasiri hawakuhitaji kuomba idhini mpya, kwa kuwa leseni ilikwisha kuitoa. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuziweka programu zake katika Kiswahili. Tafsiri zote mbili zilihitaji wataalamu wa lugha, lakini katika ya pili mwenye hakimiliki ndiye aliyeamua nini kitafsiriwe na lini. Hata hivyo, leseni huria hutoa ruhusa tu, haiwaleti wafasiri.

Kuna pengo jingine. Leseni ni mkataba, na mtumiaji huutia sahihi kwa kubonyeza kitufe cha kukubali. Mwananchi wa Voi, Mwatate au Taveta anayebonyeza kitufe hicho mara nyingi amekubali kurasa za Kiingereza cha kisheria ambazo hakuzisoma, na pengine asingezielewa. Ni vigumu kumlaumu kwa kuvunja sharti ambalo hakuelezwa kwa lugha anayoimudu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba lebo hushuhudia uhalisi, ilhali leseni hutoa uhalali. Mnunuzi wa tarakilishi ya mtumba hana budi kuuliza maswali mawili: lebo hii ni ya mashine hii, na programu iliyomo ndiyo inayotajwa na lebo? Msomi wa Kiswahili naye ana kazi ya kufanya. Istilahi kama vile leseni, programu huria, ufunguo na kuamilisha zinahitaji kusanifiwa kwa mapana ya Afrika Mashariki, na masharti ya leseni zinazotumika sana yanahitaji muhtasari wa Kiswahili chepesi unaoweza kubandikwa ukutani katika maabara ya shule. Ikiwa sheria imeiweka programu katika rafu moja na riwaya, basi wenye taaluma ya maandishi hawawezi kudai kwamba rafu hiyo si yao.