Kiti Kisicho na Jimbo: Chimbuko la Viti Maalumu vya Wanawake Nchini Tanzania

Katika Bunge la Tanzania wamo wanawake zaidi ya mia moja ambao majina yao hayakuwahi kuandikwa kwenye karatasi ya kura aliyopewa mwananchi kituoni. Hao ndio wabunge wa viti maalumu, yaani nafasi ambazo ibara ya 66 ya Katiba ya mwaka 1977 imezitenga kwa ajili ya wanawake kwa idadi isiyopungua asilimia 30 ya wabunge wa makundi mengine yote. Utaratibu wa kuzigawa umewekwa na ibara ya 78, inayosema kwamba kila chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge kitapeleka majina kwa Tume ya Uchaguzi, na Tume itawatangaza wabunge kutokana na majina hayo kwa uwiano wa kura ambazo chama kimepata. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2020 viti vya aina hiyo vilikuwa 113.

Watanzania wanaoishi ughaibuni, ambao sheria haiwapi nafasi ya kupiga kura wakiwa nje ya nchi, husikia habari za viti hivyo hasa pale mzozo unapozuka bungeni, na kwa sababu hiyo mjadala wao mara nyingi huishia kwenye swali la kama wanawake wanastahili kupendelewa au la. Swali hilo limekwisha kujibiwa na historia, kwa kuwa wanawake walianza siasa za nchi hii wakiwa wamefungiwa milango ambayo wanaume waliikuta wazi, na upendeleo wa kisheria ni fidia ndogo kwa dhuluma hiyo. Kinachopaswa kuhojiwa ni mkono unaokigawa kiti, kwa sababu mbunge humtumikia aliyemweka, na mbunge wa viti maalumu amewekwa na chama. Namna hali hiyo ilivyojengeka inaeleweka vizuri zaidi ikiwa masimulizi yataanzia mbali, kwenye miaka ya 1950, wakati wanawake wa Dar es Salaam walipokuwa na nguvu ya kisiasa ambayo hawakupewa na chama chochote.

Chama cha TANU kilipoasisiwa tarehe 7 Julai 1954, mkutano wake wa kwanza ulikuwa wa wanaume, na ilikuwa mwaka 1955 ndipo kitengo cha wanawake kilipoanza chini ya uongozi wa Bibi Titi Mohamed. Bibi Titi hakuwa na elimu ya juu ya shule wala cheo serikalini. Alichokuwa nacho ni sauti na watu, kwa kuwa alikuwa mwimbaji wa lelemama, ngoma ya wanawake wa mwambao iliyochezwa na vikundi vyenye viongozi wao, michango yao na taratibu zao za kusaidiana katika harusi, misiba na maradhi. Alipoombwa kuwaingiza wanawake chamani hakulazimika kuunda mtandao mpya, bali alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na kwa wanawake waliouza vitumbua na pombe, na kila kiongozi aliyekubali alikuja na wenzake wote. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wanawake hao na kuchapisha kitabu chake mwaka 1997, ameonyesha kwamba wengi wao walikuwa Waislamu wa makamo, wasiosoma sana, na kwamba utaifa wa Tanganyika ulikuwa tayari ukiishi ndani ya vikundi vyao, vilivyochanganya makabila, kabla TANU haijaanza kuuhubiri.

Inafaa kukumbuka kwamba wengi wa wanawake hao waliokijenga chama hawakuweza kupiga kura katika uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika uliofanyika miaka ya 1958 na 1959. Utawala wa Kiingereza uliweka masharti ya mpiga kura kuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kushika kazi ya aina fulani iliyotambuliwa, na masharti hayo yaliwaacha nje takriban wanawake wote wa Kiafrika. Walichanga fedha, wakatembea nyumba kwa nyumba wakiuza kadi, wakaficha wanaharakati, kisha siku ya kura wakabaki nyumbani. Dhuluma hiyo haitajwi inavyostahili katika vitabu vya shule.

Baada ya Uhuru, kitengo cha wanawake cha TANU kiligeuzwa mwaka 1962 kuwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, uliofahamika kwa kifupi kama UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Jina lilionyesha kwamba chombo hicho kilikusudiwa kuwa cha wanawake wote, lakini kadiri mfumo wa chama kimoja ulivyoimarika ndivyo kilivyozidi kuwa mkono wa chama, na TANU ilipoungana na Afro-Shirazi Party tarehe 5 Februari 1977, UWT ikawa jumuiya ya Chama Cha Mapinduzi (CCM), yaani chombo kilicho chini ya katiba na vikao vya chama hicho. Bibi Titi mwenyewe alipoteza kiti chake cha ubunge wa Rufiji mwaka 1965, akaacha uongozi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo liliwakataza viongozi kupangisha nyumba, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la uhaini kabla ya kusamehewa na kuachiwa mwaka uliofuata. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa hadharani, ingawa leo moja ya barabara kuu za Dar es Salaam inaitwa kwa jina hilo. Kile kilichopotea pamoja naye ni kizito kuliko cheo cha mtu mmoja, kwa maana wanawake walipoteza uwezo wa kujipanga nje ya chama na kukijia chama wakiwa na masharti yao wenyewe.

Viti 15 vya wanawake vilivyotengwa mwaka 1985 viliingia katika mazingira hayo, ndani ya Bunge la chama kimoja ambamo jumuiya za chama zilikuwa na wawakilishi wao. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992 hapakuwa na mjadala mpana wa kuuliza kama utaratibu wa jumuiya unafaa katika ushindani wa vyama. Kiwango tu ndicho kilichopandishwa, kikawa asilimia 15 mwaka 1995, asilimia 20 mwaka 2000, na asilimia 30 mwaka 2005. Idadi ilipanda na mizizi ikabaki palepale. Katika CCM, wagombea wengi wa viti hivyo huomba kura kwa wajumbe wa mkutano wa UWT wa mkoa, na nafasi nyingine hutengewa makundi kama vile vijana, wazazi, watu wenye ulemavu na vyuo vikuu, kisha vikao vya juu vya chama hupitisha orodha ya mwisho. Mwanamke anayetaka kurudi bungeni anafahamu kwa hiyo kwamba hatima yake iko kwa wajumbe wachache wa mkoa na kwa vikao vya Dodoma, na muda na fedha zake huelekea huko.

Uhaba wa fedha ulikuwa pia sababu kubwa iliyowazuia wanawake kwenda majimboni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa kuhalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura kwa jina la mila, na mtu asiyekuwa na mali ya kukirimu alianza mbio akiwa nyuma. Mashirika ya haki za binadamu yalikwenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Rushwa ya ngono, ambayo ni kumtaka mtu kingono ili apate haki au nafasi, ilipata kifungu chake katika sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007, jambo lililopiganiwa na wanaharakati wanawake. Hata hivyo, katika chaguzi za hivi karibuni wanawake waliochaguliwa majimboni wamekuwa takriban mmoja tu kwa kila wabunge kumi wa majimbo.

Jaribio kubwa zaidi la kurudisha nguvu ya wanawake nje ya vyama lilikuwa Baraza la Wanawake Tanzania, maarufu kama BAWATA, lililosajiliwa mwaka 1995 chini ya uenyekiti wa Anna Tibaijuka, aliyekuwa wakati huo mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. BAWATA lilikusudia kuwa na wanachama hadi vijijini bila kujali chama cha mtu, na katika mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi liliwafundisha wanawake kuwauliza wagombea watawafanyia nini. Serikali ilidai kwamba baraza hilo linafanya kazi kama chama cha siasa, ikalisimamisha, na mwaka 1997 ikalifutia usajili. Viongozi wake walifungua kesi, na uamuzi wa Mahakama Kuu uliotolewa mwaka 2009 ukawapa haki, lakini miaka zaidi ya kumi ilikuwa imepita na mtandao wa vijijini ulikuwa umekwisha kusambaratika. Hili ni tukio linalostahili kuhesabiwa miongoni mwa hasara kubwa za siasa za Tanzania tangu mwaka 1992, kwa sababu mwanamke asiyekuwa na chombo chake hana budi kupanda ngazi ambayo wengine wanaweza kuiondoa wakati wowote.

Harakati hazikufa. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, na Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ulioanza mwaka 1993, pamoja na wanasheria wanawake, walijielekeza kwenye sheria, na matunda yakaonekana katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 na sheria mbili za ardhi za mwaka 1999. Kabla ya hapo, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory la mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alikuwa ameamua kwamba mila ya Wahaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, huku mwanamume akiruhusiwa, haiwezi kusimama mbele ya haki za usawa zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Wabunge wa viti maalumu waliyaunga mkono mengi ya mambo haya, na haitakuwa haki kuwachora kana kwamba walikaa kimya.

Ardhi inalirudisha suala zima kijijini, mahali ambapo mijadala ya viti maalumu haifiki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi, na inaagiza kwamba baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba wanaosuluhisha migogoro, liwe na wanawake wasiopungua watatu. Agizo hilo ni zuri, lakini kiti cha mwenyekiti hakina kinga kama hiyo, na baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 wanawake walikuwa takriban wawili tu kwa kila wenyeviti mia wa vijiji. Mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake hamfikii mbunge wa viti maalumu kwa urahisi, kwa sababu mbunge huyo hana jimbo wala ofisi anayoijua, na hata Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo ulioanzishwa mwaka 2009 uko chini ya mbunge wa jimbo. Anayemfikia ni mwenyekiti wa kijiji, ambaye karibu siku zote ni mwanamume.

Udhaifu wa kiti kinachotegemea chama ulijitokeza wazi mwezi Novemba 2020, pale wanawake 19 wa chama cha upinzani cha CHADEMA walipoapishwa kuwa wabunge huku uongozi wa chama chao ukisema haukupeleka majina yoyote. Chama kiliwafukuza siku chache baadaye, na Baraza Kuu lake likathibitisha uamuzi huo Mei 2022, lakini waliendelea kukaa bungeni wakati kesi zikiendelea, ingawa ibara ya 71 inasema mbunge hupoteza kiti anapokoma kuwa mwanachama wa chama chake. Hasira za watu ziliwaangukia wanawake wenyewe, wakaitwa majina ambayo mwanamume mwanasiasa haitwi, na ni wachache waliouliza kwa nini sheria imewafanya wabunge wasiwe na mwananchi hata mmoja wa kusimama upande wao au dhidi yao kwa kura.

Nchi jirani zimechukua njia nyingine. Nchini Uganda kila wilaya humchagua mbunge mwanamke, na Kenya kupitia Katiba ya mwaka 2010 ina wawakilishi wanawake 47, mmoja kwa kila kaunti, nao hupigiwa kura na wananchi wote. Tanzania nayo ilifika karibu na njia bora zaidi, kwa kuwa Rasimu ya Katiba ya mwaka 2013, iliyoandaliwa na tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, ilipendekeza kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke na mwanamume, na viti maalumu viondolewe. Pendekezo hilo lingemaliza pia ubaguzi wa ibara ya 51, inayotaka Waziri Mkuu ateuliwe kutoka kwa wabunge wa majimbo, na hivyo kuwafungia nje moja kwa moja wanawake wa viti maalumu. Rais Samia Suluhu Hassan aliingia siasani mwaka 2000 kwa kiti maalumu katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na mwaka 2010 akagombea na kushinda jimbo la Makunduchi. Viti hivyo, kwa hiyo, vinaweza kuwa mlango, ila Katiba haitakiwi kuufanya mlango huo kuwa chumba.

Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 ilibakiza lengo la usawa wa nusu kwa nusu, ambalo mashirika ya wanawake yalilipigania, lakini kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 ni batili, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa na ikashindwa mwezi Oktoba 2019, na mwaka mwingine ukapita bila Bunge, ambalo zaidi ya theluthi ya wajumbe wake ni wanawake, kupitisha marekebisho hayo. Wanawake wanaodai Katiba mpya wana kila sababu ya kuanzia kwenye pendekezo la wabunge wawili kwa kila jimbo, kisha kulishusha hadi kwenye udiwani wa kata na uenyekiti wa kijiji, ambako mama mwenye binti wa miaka 15 anaweza kumkuta kiongozi aliyempigia kura na kumuuliza amefanya nini.